Kigeu Kinachodumu: Historia ya Istilahi Moja ya Kompyuta

Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku, baada ya hasara iliyotokana na mtambo wa hesabu za Serikali. Hivyo dhana nyingi za fani hii zilizaliwa ng'ambo wakati ambapo huku kwetu hapakuwa na haja kubwa ya kuzitafutia majina. Makala haya yanachunguza dhana moja kati ya hizo, ambayo sasa inawakabili wafasiri, walimu na watumishi wa halmashauri, wa Mbeya na Iringa kama wa kwingineko.

Mwaka 1979, katika maabara za Bell huko Marekani, lilitolewa toleo la saba la Unix. Ndani yake mlikuwa na programu iliyoandikwa na Stephen Bourne, ambayo kazi yake ni kupokea amri za mtumiaji na kuzifikisha kwenye moyo wa mfumo. Toleo hilo lilileta pia utaratibu mpya: kila programu inapoanzishwa hukabidhiwa orodha ya majina na thamani zake. HOME hutaja makao ya mtumiaji. PATH hutaja mahali pa kutafutia amri. LANG, iliyokuja baadaye, hutaja lugha. Programu hurithi orodha hiyo kutoka kwa ile iliyoizaa, lakini haiwezi kuibadili ya mzazi wake.

Tuiiteje? Moyo wa mfumo umekwisha kuitwa kiini. Basi programu inayouzunguka yafaa iitwe ganda, maana kiini na ganda ni jozi inayojulikana na kila aliyewahi kuvunja yai. Neno gamba halifai, kwani gamba huvuliwa, na tangu mwaka 2011 limebeba maana ya kisiasa. Orodha yenyewe ni mazingira. Neno hili limetokana na kuzingira, na ingawa tangu lilipoundwa Baraza la Taifa la mazingira mwaka 1983 wengi hulisikia wakafikiri misitu na maji, maana yake ya asili ndiyo inayotakiwa hapa: yale yanayoizunguka programu.

Ugumu umo katika neno la tatu. Kitu kinachoweza kupewa thamani hii au ile huitwa na wengine kigeu, na wengine kibadilika. Miongozo inapomtaka mtumiaji akiweke kigeu hicho "kwa kudumu", msomaji ana haki ya kuuliza: kigeu kinadumuje? Jibu limo katika utendaji wenyewe. Thamani iliyowekwa kwa amri hukaa katika kumbukumbu ya muda, nayo hutoweka ganda linapofungwa au umeme unapokatika, jambo ambalo ofisi zetu zilionja sana wakati wa mgao wa 2006 na wa 2011. Kinachodumu ni agizo lililoandikwa katika faili. Mtumiaji mmoja huliandika katika faili iitwayo .profile, iliyomo katika makao yake. Msimamizi huliandika kwa ajili ya watumiaji wote katika /etc/environment. Kila mtu aingiapo, agizo husomwa upya na kigeu huzaliwa upya. Kwa hiyo tafsiri iliyo sahihi si "kigeu cha kudumu" bali "agizo la kudumu la kigeu". Mwalimu asisahau kuonya kwamba katika PATH huongezwa njia mpya, wala haifutwi ya zamani. La sivyo amri za kawaida hazitaonekana tena.

Suala hili linahusu lugha ya Taifa moja kwa moja. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Tumaini, Iringa, kilianzisha shahada ya teknolojia ya habari kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Joensuu cha Ufini, nchi ambako Linus Torvalds aliianza Linux mwaka 1991. Mbeya nayo, chuo cha ufundi kilichoanzishwa mwaka 1986 kimekua hata kuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Lakini vyuoni hufundishwa kwa Kiingereza, na mhitimu akiajiriwa katika halmashauri huwakuta watumishi wanaofanya kazi kwa Kiswahili. Katika Linux, anayetaka mashine izungumze Kiswahili huipa LANG thamani sw_TZ.UTF-8. Akiiweka kwa amri tu, kesho yake mashine imerudi katika Kiingereza.

Istilahi nazo ni hivyo hivyo. Neno linalosemwa darasani bila kuandikwa hufa kipindi kinapokwisha. Yafaa basi ganda, kigeu na mazingira yaandikwe katika miongozo ya ofisi na vitabu vya shule, ili kila anayeingia ayakute.