Notre-Dame ya Paris na mnara wake

Katika historia ya Eklezya tunasoma habari za Notre-Dame ya Paris kana kwamba imesimama bila kuguswa tangu mwanzo. Sivyo hata kidogo.

Ilianza kujengwa mwaka 1163, siku za Askofu Maurice de Sully, katika kisiwa cha mto Seine. Kazi ilidumu karibu miaka 200. Askofu huyo hakuuona mwisho wake. Mwaka 1793, wakati wa mapinduzi, watu walikata vichwa vya sanamu 28 za wafalme mbele ya kanisa, wakidhani ni wafalme wa Ufaransa. Kumbe walikuwa wafalme wa Yuda! Mnara wa kwanza wa mbao nao ulikuwa umeshushwa kwa sababu ya kuchakaa. Kisha nyumba ikaachwa kuharibika, mpaka kitabu cha Victor Hugo cha mwaka 1831 kilipowaamsha Wafaransa. Mafundi Lassus na Viollet-le-Duc walipewa kazi mwaka 1844. Viollet-le-Duc alisimamisha mnara mpya mwaka 1859, na chini yake sanamu za shaba za Mitume. Mtume Toma alimpa sura yake mwenyewe, akiutazama mnara huo. Unyenyekevu haukuwa sifa yake kubwa.

Tarehe 15 Aprili 2019, Jumatatu ya Juma Takatifu, moto ulikula dari la mialoni lililoitwa Msitu, na mnara ukaanguka. Sanamu za shaba zilipona, kwa kuwa zilishushwa siku nne mbele ili zitengenezwe. Askari wa kuzima moto na padri wao, Jean-Marc Fournier, waliingia kuokoa Sakramenti Takatifu na Taji la Miiba.

Watu 340,000 hivi wa nchi 150 walitoa mali. Lakini wajenge nini? Wengine walitaka mnara wa namna mpya. Julai 2020 ilikatwa shauri: kama ule ulioanguka. Mimi nasema walichagua vema, si kwa sababu ya uzee wa mnara, maana haukuwa mzee sana, bali kwa sababu maseremala walilazimika kushika tena shoka na kuchonga mialoni mibichi kama mababu zao. Hawakubahatisha. Mwaka 2014 mafundi wawili, Fromont na Trentesaux, walikuwa wamepima dari lote, boriti kwa boriti, na kuandika. Katika misioni zetu, mchwa wakila boriti za kanisa, padri atapata wapi vipimo vyake? Tunayo daftari ya ubatizo. Ya jengo ni nani anayo?

Jogoo wa shaba alipandishwa mnarani tarehe 16 Desemba 2023, akiisha kubarikiwa na Askofu Mkuu Laurent Ulrich. Ndani yake mna masalio ya watakatifu na majina ya watu karibu 2,000 waliofanya kazi ile. Milango ilifunguliwa tarehe 7 Desemba 2024, na kesho yake altare mpya ikawekwa wakfu.