UZI: "Maji kwanza, mazingira baadaye." Historia ya mabwawa ya Ukambani na ile ripoti ambayo watu hawaisomi

1/ Kila msimu wa kura ukikaribia, Ukambani huahidiwa bwawa. Jukwaani utasikia ukubwa wake, urefu wa mabomba na ekari zitakazonyunyiziwa. Akitokea mtu akauliza, "Na ripoti ya mazingira iko wapi?", anaitwa adui wa maendeleo. Leo tufuatilie hilo swali mpaka lilikoanzia. Kanuni ya nyuzi zetu ni ile ile: hatutaji mwanasiasa wala chama. Hata wa 1938, kama mtakavyoona.

2/ Tuanze na mahali. Katelembo iko nje kidogo ya mji wa Machakos. Ni kati ya zile ardhi za ranchi zinazojulikana kwa ushirika wake, Katelembo Athiani Muputi. Ni nchi kavu. Mvua huja misimu miwili, na ile ya Oktoba hadi Desemba ndiyo mkulima wa Ukambani huitegemea zaidi. Ikikataa kunyesha, huduma ya maji ni punda na jerikeni.

3/ Sasa tuseme kesho kunapendekezwa bwawa la maji ya nyumbani hapo Katelembo. Kisheria, tingatinga haliruhusiwi kuchimba kabla ya tathmini ya athari kwa mazingira kufanywa na kupitishwa. Wengi wetu huku mtandaoni tunaiona hiyo tathmini kama muhuri tu, karatasi ya kuzungusha ofisini. Ukitaka kujua kwa nini ipo, rudi nyuma karibu miaka 90.

4/ Mwaka 1937 afisa wa kikoloni wa uhifadhi wa udongo, Colin Maher, aliandika ripoti kuhusu mmomonyoko wa udongo Machakos. Picha aliyoichora ilikuwa ya kutisha: vilima vimebaki uchi, makorongo kila upande. Na tusidanganyane, mmomonyoko ulikuwepo kweli. Lakini walowezi walikuwa wamekwisha kuchukua sehemu kubwa ya malisho, na Wakamba na ng'ombe wao wakasongamana kwenye eneo walilotengewa. Hapo serikali haikutaka kupagusa.

5/ Dawa iliyotolewa ilikuwa moja: punguza mifugo, kwa lazima. Mwaka 1938 ng'ombe wakaanza kukusanywa na kupigwa mnada kwa bei ya kutupa. Wakati huo huo kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimefunguliwa Athi River, na kilihitaji ng'ombe wengi wa bei rahisi. Jiweke kwenye nafasi ya mfugaji. Serikali inakwambia inaokoa udongo wako, halafu unaona ng'ombe wako wanaelekea kiwandani.

6/ Julai 1938 zaidi ya Wakamba 1,500, wake kwa waume, walifunga safari mpaka Nairobi. Walipiga kambi huko kwa wiki kadhaa wakidai kuonana na gavana. Kiongozi wao alikamatwa na kuhamishiwa Lamu. Simtaji, kanuni ni kanuni, ila barabara inayopita mbele ya City Market ina jina lake. Kabla mwaka haujaisha, serikali iliacha mpango wa kupunguza mifugo kwa nguvu.

7/ Kwa nini nawasimulia haya kwenye uzi wa mabwawa? Kwa sababu ile ilikuwa tathmini ya mazingira ya aina fulani. Mtaalamu alikuja, akapima, akaandika, na serikali ikatekeleza. Kilichokosekana ni sauti ya wenyewe. Matokeo yake, neno "mazingira" likabaki na harufu ya kunyang'anywa. Mzee akikunja uso leo akiona maafisa wenye ramani, usikimbilie kusema ni ujinga. Hiyo ni kumbukumbu.

8/ Baada ya Vita vya Pili serikali ya kikoloni ilirudi na mpango mwingine mkubwa, ALDEV. Silanga zikachimbwa, matuta yakachimbwa, na mara nyingi kwa kazi ya kulazimishwa. Uhuru ulipofika, watu wengi waliyaacha matuta kwa muda. Si kwamba hayakufaa. Yalikuwa ya mkoloni, basi.

9/ Kisha likatokea jambo ambalo wataalamu wengi hawakulitarajia. Watu waliyarudia matuta yale yale kwa hiari yao, kupitia mwethya, yale makundi ya kusaidiana kazi ambamo wanawake ndio walikuwa nguvu kubwa. Mtindo uliotawala unaitwa "fanya juu", kwa sababu unachimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu wa mlima. Wahifadhi udongo wa nchi nyingine wanautumia hadi leo, na bado wanauita hivyo hivyo kwa Kiswahili.

10/ Mwaka 1994 watafiti watatu, Tiffen, Mortimore na Gichuki, walitoa kitabu kuhusu Machakos kuanzia 1930 hadi 1990. Walichokuta ni kwamba idadi ya watu ilikuwa imeongezeka takriban mara tano, lakini mmomonyoko ulikuwa umepungua. Wapo waliokikosoa kitabu, wakisema si kila kata wala kila familia ilifaidika sawa. Hata hivyo, ule utabiri wa 1937 kwamba nchi inageuka jangwa haukutimia.

11/ Teknolojia nyingine iliyokomaa hapa ni bwawa la mchanga. Unajenga ukuta wa zege kukatiza mto wa msimu. Mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanajificha ndani ya mchanga. Jua haliyafikii, kwa hiyo hayakauki haraka, na mbu hawana pa kuzalia. Unachimba kidogo tu unapata maji. Kuna ya tangu miaka ya 1950 Machakos na Kitui, na mengi yaliyofuata yalijengwa na makundi ya vijiji.

12/ Sasa twende kwa mabwawa ya ukuta mkubwa. Jirani kabisa na Katelembo kuna Maruba, bwawa la enzi za ukoloni linalolisha mji wa Machakos. Lilijaa matope kiasi kwamba miaka mingi baadaye ilibidi lifanyiwe ukarabati mkubwa. Matope hayaanguki kutoka mbinguni. Yanatoka kwenye mashamba ya juu, kwenye barabara zisizo na mitaro, kwenye vilima vilivyokatwa miti.

13/ Kisha Masinga, kwenye mto Tana. Lilikamilika 1981 na linaweza kubeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 1.5. Matope yaliingia kwa kasi kuliko wahandisi walivyokadiria. Wakati huo Kenya haikuwa na sheria inayomlazimu mwenye mradi kufanya tathmini kabla ya kujenga. Marekani ilikuwa nayo tangu 1970, na Benki ya Dunia iliweka masharti yake 1989.

14/ Kwetu sheria ilikuja 1999: Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira, maarufu kama EMCA. Ilianza kutumika Januari 2000 na ndiyo iliyozaa NEMA. Kanuni za tathmini zikafuata 2003. Mabwawa yametajwa kabisa kwenye orodha ya miradi ambayo haiwezi kuendelea bila tathmini na leseni.

15/ Hizo kanuni za 2003 zina kitu ambacho wananchi wengi hawajawahi kuambiwa. Mwenye mradi anatakiwa abandike mabango mahali pa wazi, atangaze gazetini wiki mbili mfululizo, atangaze redioni kwa lugha rasmi na lugha ya wenyeji, na afanye angalau mikutano mitatu ya hadhara na watakaoathirika. Mitatu. Ule mkutano mmoja wa soda na mkate chini ya mwembe hautoshi.

16/ Katiba ya 2010 ikaongeza uzito. Kifungu cha 42 kinakupa haki ya mazingira safi. Kifungu cha 43 kinakupa haki ya maji safi na ya kutosha. Kifungu cha 69 kinaiamuru serikali ihimize ushiriki wa umma na iweke mifumo ya tathmini. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini kutetea mazingira hata kama wewe binafsi hujapata hasara. Kwa hiyo anayesema "chagueni, maji au mazingira" anawapa chaguo ambalo Katiba haikuliweka.

17/ Je, sheria ina meno? Juni 2019 jopo la kitaifa la kusikiliza rufaa za mazingira lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe Lamu, mradi wa megawati 1,050. Sababu moja kubwa: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ripoti ilikuwepo, tena nene. Unene haukuiokoa.

18/ Na pale ambapo hakuna aliyekagua? Mei 9, 2018, bwawa kwenye shamba la kibinafsi huko Solai, Nakuru, lilipasuka usiku. Zaidi ya watu 40 walikufa, wakiwemo watoto wengi. Baadaye maafisa walisema bwawa halikuwa na kibali. Tathmini inauliza ukuta ukishindwa maji yatapita wapi, na nani analala kwenye hiyo njia. Kwa Solai swali hilo lilijibiwa na maji yenyewe.

19/ Mfano wa karibu zaidi ni Thwake, pale mto Thwake unapoungana na Athi. Ukuta wa mita 80, mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ujenzi tangu 2018. Unalengwa kutoa maji ya nyumbani, ya umwagiliaji na ya Konza, pamoja na umeme. Lakini Athi hupokea maji ya mito ya Nairobi, na mito ya Nairobi mnaijua: majitaka, viwanda, kila kitu. Suala la uchafu huo limefika hadi bungeni na kwenye ripoti za ukaguzi. Yaani unaweza kujenga ukuta mzuri kabisa na shida yako ikawa kilomita nyingi juu, kwenye kaunti nyingine.

20/ Sasa tuzichukue hoja za jukwaani moja moja.

"Watu wana kiu, ripoti inachelewesha." Kiu ni ya kweli, na anayeiongelea kutoka kwenye nyumba yenye mfereji aongee kwa adabu. Lakini bwawa linalojaa matope mapema huchelewesha maji kwa kizazi kizima, na deni lake linalipwa vile vile. Kesi zinazosimamisha kazi nusu njia pia huchelewesha. Mikutano mitatu ni bei rahisi.

21/ "Ripoti yenyewe inaandikwa na mtaalamu anayelipwa na mwenye mradi." Hii hoja ina nguvu, na sioni faida ya kuificha. Ndivyo sheria yetu ilivyo: mwenye mradi ndiye anayemwajiri mtaalamu mwenye leseni. Ndiyo maana ripoti nyingi hufika kwenye hitimisho linalompendeza. Kinga iliyopo ni wewe uisome. Ikishawasilishwa NEMA hutangazwa, na umma hupewa muda wa kutoa maoni kwa maandishi. Muda huo ukipita kimya, kimya hicho huhesabiwa.

22/ "Wananchi hawaelewi mambo ya kitaalamu." Watu waliochimba fanya juu kwenye milima mizima wanaujua mtiririko wa maji wa kwao. Mama anayechota kwenye mchanga wa mto kila Agosti anajua maji hukaa wapi. Hiyo ni data. Mtaalamu asiyeikusanya ndiye hajamaliza kazi.

23/ Kwa hiyo tukirudi Katelembo na ule mradi wetu wa kufikiria, haya ndiyo ningeuliza mkutanoni, na uko huru kuyachukua:

- Mashamba ya juu yamewekwa matuta? Nani atalipia, na kabla au baada ya ukuta?
- Walio chini ya bwawa watabakiziwa maji kiasi gani? Sheria ya Maji ya 2016 inatambua akiba ya maji kwa mahitaji ya msingi ya watu na uhai wa mto.
- Mchanga wa mto utakwenda wapi? Malori ya mchanga yameshaumiza mito yetu vya kutosha.
- Nani anahama? Ana hati, au ardhi yake bado ina mgogoro? Asiye na hati atalipwa vipi?

24/ Na mengine matatu:

- Maji yaliyotuama yataleta mbu na kichocho? Zahanati imeandaliwa?
- Njia mbadala zilipimwa kweli? Mabwawa matano ya mchanga yanaweza kufanya kazi ya bwawa moja? Visima je, ukizingatia kwamba visima vingi Ukambani maji yake ni ya chumvi?
- Baada ya miaka 20, nani ataondoa matope, na kwa pesa ya nani?

Kama ripoti ina majibu, vizuri, jengeni. Mimi sipingi mabwawa. Napinga bwawa ambalo majibu yake yatatafutwa baada ya kukatwa utepe.

25/ Wale wa 1938 walilazimika kwenda mpaka Nairobi na kulala nje kwa wiki ili wasikilizwe kuhusu ardhi yao wenyewe. Leo sheria inamlazimu mwenye mradi aje kwako, abandike bango, atangaze kwa Kikamba, akusikilize mara tatu. Akija, nenda. Nenda na jirani, na muombe karani aandike mlichosema kwenye kumbukumbu za mkutano, kwa sababu rufaa ikifika, korti itasoma karatasi.

26/ Uzi ujao tutaongelea fidia ya ardhi: bei hupangwaje, na kwa nini majirani wawili wenye ekari sawa hulipwa tofauti. Kama kwenu kuna bwawa lililojengwa zamani, tuambie hapa chini: bado lina maji, au limebaki uwanja wa mpira?