Kamera ya Mkoloni na Uso wa Mwafrika

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda mjini London Kitengo cha Filamu za Makoloni. Mkuu wake, William Sellers, alishikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika huchanganyikiwa picha zikibadilika upesi. Ilikuwa dharau iliyovikwa joho la elimu. Basi kamera ikatulia mbali, na mkulima akaonekana kama sehemu tu ya shamba lake.

Ufaransa nayo, tangu 1934, ilidai kibali kwa filamu zilizopigwa katika makoloni yake ya Afrika. Mwaka 1963, Senegal ikiwa huru, Ousmane Sembène alitoa Borom Sarret. Mwendesha mkokoteni wa farasi mjini Dakar anadondosha nishani yake ya vita. Kamera inaitazama pale chini, kwa karibu: buti la polisi limeikanyaga.