Daftari la Ndege Waliokufa

Shairi lililomo ndani ya Pale Fire, riwaya ya Vladimir Nabokov ya mwaka 1962, linaanza na ndege aliyeuawa na kioo cha dirisha. Nilipolisoma mara ya kwanza nilidhani ni tamathali tu, washairi na mambo yao. Kumbe ndege wa namna hiyo wana historia yao, na sehemu kubwa imeandikwa kwa mkono kwenye daftari za mtu mmoja wa Chicago.

Mwaka 1978 David Willard, mtunza ndege waliokaushwa katika makumbusho ya Field Museum, alisikia kwa bahati tu kwamba ndege hujigonga kwenye McCormick Place, jengo la mikutano lenye vioo vikubwa kando ya Ziwa Michigan. Akaenda asubuhi kuangalia, akaokota wachache. Basi, ikawa ndiyo kazi yake kila msimu wa ndege kuhama, kwa zaidi ya miaka 40: kuokota, kupima bawa, mguu na uzito, kuandika. Mwaka 2019 vipimo vya ndege 70,716 waliookotwa Chicago vilichambuliwa. Ikaonekana mfupa wa mguu umepungua kwa asilimia 2.4 huku mabawa yakirefuka kwa asilimia 1.3, na watafiti wakahusisha jambo hilo na ongezeko la joto duniani.

Hapa ndipo ninapokwama. Elimu nzuri hivyo imejengwa juu ya vifo ambavyo dawa yake ilishajulikana.

Mtafiti mwingine Mmarekani, Daniel Klem, alianza kuchunguza jambo hili mwaka 1974. Mwaka 1990 alikadiria kwamba vioo huua ndege kati ya milioni 100 na bilioni 1 kila mwaka nchini Marekani. Ndege haoni kioo, anaona mti na anga vilivyomo ndani yake. Ukibandika stika moja ya mwewe haogopi chochote, anaikwepa na kugonga pembeni. Alama zinatakiwa zienee kioo kizima, ziachane kama sentimita 5 tu, tena ziwe upande wa nje, maana zikiwa ndani taswira ya anga huzifunika. (Mimi nilikuwa na mwewe wangu mmoja, tena kwa ndani, nikijiona mjanja.)

Asubuhi ya tarehe 5 Oktoba 2023, chini ya jengo lilelile, walikutwa karibu ndege 1,000 waliokufa. Willard alikuwa ameshastaafu, lakini alikuwa bado anaokota. Ndipo wenye jengo wakachukua hatua: kiangazi cha 2024 vioo vilibandikwa plastiki yenye vidoti vidogo, na vuli hiyo vifo vikashuka kwa takriban asilimia 95.

Vidoti, jamani!

Mwewe wangu nimeshambandua. Kilichobaki ni rangi nyeupe, rula, na kuazima ngazi ya jirani.