Katavi Alikuwa Mtu Kabla Hajawa Mkoa

Tumeshaongea chanjo, tumeongea uji, tumeongea homa ya usiku. Leo shika kadi ya kliniki ya mtoto wako uangalie sehemu ambayo hakuna anayeisoma, ile mistari ya juu kabisa kabla ya grafu ya uzito. Jina la mtoto. Jina la mama. Kijiji. Kata. Wilaya. Mkoa.

Kwa mtoto wa huku kwetu inasomeka hivi: kata Sibwesa, wilaya Tanganyika, mkoa Katavi. Maneno matatu tu, mnayaandika kila siku. Lakini kuna historia ndefu mle ndani, na kuna jambo moja linalotuhusu sisi tunaozaa na kulea: majina ya mahali na majina ya watu huku kwetu yanaazimana, na kila yakipita kwenye kalamu ya mtu wa ofisini yanageuka kidogo. Nitaiandika kwa vipande, someni mkinyonyesha.

*Kipande cha 1: Bibi wa Tabora, mama wa Rukwa, mtoto wa Katavi*

Chukua familia moja. Bibi kazaliwa 1966, mama kazaliwa 1990, mtoto kazaliwa mwaka jana. Wote nyumba moja, shamba lile lile, mwembe ule ule. Bibi kazaliwa mkoa wa Tabora. Mama kazaliwa mkoa wa Rukwa. Mtoto kazaliwa mkoa wa Katavi. Na hakuna aliyehama hata hatua moja!

Ni kwamba Mpanda ilikuwa chini ya Tabora. Mwaka 1974 ukaundwa mkoa wa Rukwa, Mpanda ikachukuliwa Tabora na Sumbawanga ikachukuliwa Mbeya, zikawekwa pamoja. Halafu Machi 2012 mkoa wa Katavi ukazaliwa, ndugu zake pacha wa mwaka huo ni Geita, Simiyu na Njombe. Mpanda ikawa makao makuu. Baadaye ile Mpanda ya vijijini, yenye Karema, Ikola, Mwese, Mishamo na sisi Sibwesa, ikapewa jina la Tanganyika.

Kwa hiyo ukijaza fomu na kuulizwa mkoa wa kuzaliwa, usione haya kuandika Rukwa kama cheti chako kinasema Rukwa. Cheti kifuatwe kama kilivyo. Nimeona binti anafuta Rukwa anaandika Katavi, eti ndiyo ya sasa, kisha karatasi mbili hazipatani na anaanza kuzungushwa.

*Kipande cha 2: Katabi*

Sasa Katavi ni nini? Wengi mtasema mbuga. Sawa, Hifadhi ya Taifa ya Katavi ipo tangu 1974, leo ina kilomita za mraba 4,471, na kiangazi maji yakipungua viboko wanabanana kwenye madimbwi kama akina mama siku ya chandarua cha bure. Lakini hifadhi ilipata jina kwa ziwa Katavi lililo ndani yake. Na ziwa nalo linabeba jina la mtu.

Wabende wanasimulia habari za Katabi, mwindaji mkubwa. Roho yake inasemekana inakaa kwenye mkwaju ulio karibu na ziwa, na watu wamekuwa wakienda kuweka sadaka chini ya mti ule, kuomba baraka zake. Imani ni ya kila mtu na Mungu wake, mimi siingii huko. Ninachotaka mkione ni njia aliyopita huyu bwana: mtu, roho, mti, ziwa, hifadhi, mkoa. Na sasa anarudi kuwa mtu tena, maana watoto wanaoitwa Katavi wapo! Mama anayemwita mwanae hivyo hajampa jina la mkoa. Amerudisha jina kwa wenyewe.

Halafu angalia ile herufi. Katabi kwa Wabende, Katavi kwenye ramani. B ilienda wapi? Lugha nyingi za huku kwetu zina b laini, midomo inakaribiana lakini haifungi. Msikilize mama Mrundi akitamka b utaielewa mara moja. Anayesikia kwa sikio la Kiswahili anaweza kuandika b, au v, au hata w. Chukua tawi la mti: kwa Waganda ni ttabi, kwetu ni tawi. Neno lile lile, b ya kule ni w ya huku. Na kule Uganda karibu na Entebbe kuna mji unaitwa Katabi. Msikimbilie kusema basi ni ndugu, au kwamba mwindaji wetu aliitwa Tawi Dogo! Kufanana kwa sauti hakutoshi kufanya undugu, sisi wa wodi ya wazazi tunalijua hilo vizuri. Ila inaonyesha namna sauti moja inavyovaa herufi tatu.

*Kipande cha 3: Tanganyika*

Hili ndilo tamu. Mzungu Burton alifika Ujiji mwaka 1858 na mwenzake Speke, akauliza jina la ziwa, akaandika kwamba linatokana na kukutana, kuungana, mahali maji yanapokutania. Miaka kumi na kitu baadaye Cameron akapita, yeye akaelewa ni mahali pa kuchanganyika. Stanley naye akaona ndani yake nyika, uwanda, ziwa lililotandaa kama nyika. Na sisi shuleni wengine tuliambiwa tanga na nyika, yaani tanga la chombo na pori, kwisha habari. Wageni watatu, maana tatu, na kila mmoja alikuwa na mkalimani wake.

Mimi ukinilazimisha nichague nitachagua kuchanganyika. Nitawaambia kwa nini mbele kidogo.

Jina la ziwa likawa jina la nchi kwa namna ya ajabu. Vita Kuu ya Kwanza imeisha, Wajerumani wametolewa, Waingereza wamepewa koloni na hawajui waliite nani, kama mama aliyejifungua akiwa na orodha ya majina na ndugu wanagombana. Yakapendekezwa majina: Smutsland, kwa heshima ya jenerali wa Afrika Kusini. New Maryland. Windsorland. Eburnea. Hebu fikiria mwanao anajibu, "Kwetu Smutsland." Mwishowe wakataka jina la wenyeji, na mwaka 1920 ikawa Tanganyika. Ikapata uhuru kwa jina hilo tarehe 9 Desemba 1961, ikaungana na Zanzibar tarehe 26 Aprili 1964, na kabla mwaka haujaisha tukawa Tanzania.

Nchi ikaacha jina, ziwa likabaki nalo. Na sasa wilaya yetu imelichukua tena. Kwa hiyo mtoto wa Sibwesa wa leo anaandika Tanganyika kwenye fomu kihalali kabisa, jina ambalo babu yake aliliandika kama nchi.

*Kipande cha 4: Mtu mmoja, halmashauri nzima*

Wabende wana Ubende, Watongwe wana Utongwe, Wafipa wana Ufipa. Ondoa wa, weka u, mtu anageuka nchi. Hiyo mnaijua. Lakini majirani zetu wamefanya kitu kingine, wameita halmashauri yao Mpimbwe. Siyo Upimbwe wala Wapimbwe. Mpimbwe! Mtu mmoja! Nikisikia kwenye redio "Mpimbwe imepokea dawa" namwona mzee mmoja kabeba boksi kichwani. Na huku wilayani kwetu kuna kata inaitwa Tongwe, jina la Watongwe limevuliwa kiambishi likabaki peke yake.

Nikiwa muuguzi siwezi kupita hapa bila kumtaja Adrien Atiman. Wale mliojifungulia Sumbawanga mnaijua hospitali ya Dk. Atiman. Sasa huyo Atiman alikuwa wa kwetu, Karema, ziwani. Wa kwetu kwa kuja. Alizaliwa Afrika Magharibi, karibu na mto Niger, akatekwa akiwa mtoto akauzwa. Mapadre Wamisionari wa Afrika wakamkomboa, wakampeleka Malta kusomea udaktari, na mwishoni mwa miaka ya 1880 akafika Karema. Hakuondoka. Alitibu watu pale zaidi ya miaka 60, akaoa binti wa Kibende, akafa palepale mwaka 1956.

Adrien alipewa kwa ubatizo. Atiman ni jina la nyumbani, alilotoka nalo. Mtoto aliyeibwa, akauzwa, akavushwa bahari, karibu kila kitu chake kilichukuliwa, lakini jina alifika nalo mpaka Karema. Leo liko juu ya mlango wa hospitali. Mimi nikilisoma lile bango nafikiria mama yake, aliyeliita jina lile la kwanza, akiwa hajui.

*Kipande cha 5: Kwenye benchi la kliniki*

Turudi kwenye kuchanganyika. Njoo siku ya kliniki nikiita majina. Naita Kulwa na Doto, anainuka mama Msukuma na mapacha wake. Naita Bukuru na Butoyi, anainuka mama mwenye asili ya Burundi, naye na mapacha wake. Anayefuata mapacha kwa Wasukuma ni Shija, kwa Warundi ni Ciza. Kabila mbali, ukunga mmoja! Na Warundi wana Nyandwi, mtoto wa saba, na Minani, wa nane. Baba akijitambulisha kuwa ni Minani, najua mama yake alibeba mimba nane akafika salama, na mimi hapa nakukemea kuanzia ya tano. Hongera kwa bibi, lakini wewe njoo kliniki mapema.

Hao Warundi wengi wazazi wao walikimbia vita ya 1972 wakapewa makazi Katumba na Mishamo huku kwetu, na Ulyankulu kule Tabora. Zaidi ya watu 160,000 wamepewa uraia, vyeti vyao vilianza kutoka 2014. Ni Watanzania kama wewe na mimi. Ila wapo kina mama wanaoniinamia sikioni wakati najaza kadi: "Dada nesi, niandike jina la babu yake, au nitafute la Kiswahili Swahili, asije akasumbuliwa shuleni?"

Jibu langu ni moja. Jina ni lako kuchagua, ukitaka Neema andika Neema, ni jina zuri. Lakini usilifute la babu kwa woga. Mkoa mzima unaitwa kwa jina la mwindaji wa Kibende na hospitali kubwa inaitwa kwa jina la mtoto aliyeletwa kutoka mto Niger, sembuse mwanao kuitwa Ciza.

Tatizo la kweli liko kwenye herufi. Ciza kwa Kirundi inasomwa Chiza. Mwenye kalamu akisikia, anaandika Chiza. Kadi inasema Ciza, tangazo la kizazi linasema Chiza, shule inasema Siza. Mtoto akifika umri wa kitambulisho cha taifa anakuta yeye ni watu watatu, na hapo unaanza mguu wa kiapo, nauli, na "njoo kesho". Katabi akigeuka Katavi hakuna anayemnyima mkopo wa chuo. Mwanao watamnyima.

Hata kata yetu nimeiona kwenye kadi ikiwa Sibwesa, Sibweza, na siku moja Sibuesa. Kama mahali pasipohama panaandikwa hivyo, mtoto wako je?

Kwa hiyo mimba ikifika miezi nane, wakati unaandaa kanga na beseni, andaa na kikaratasi. Andika kwa herufi kubwa jina la mtoto, la kike na la kiume, maana hujui. Andika majina yako matatu na ya baba yake, kama yalivyo kwenye vitambulisho vyenu. Andika kijiji, kata, wilaya, mkoa. Kikunje ukiweke ndani ya kadi. Nesi wa zamu ya usiku ana wazazi wanne wanaosukuma kwa pamoja, anaandika anachosikia. Ukimpa karatasi ataandika anachoona.

Na kabla hujatoka wodini omba lile tangazo la kizazi ulisome mwenyewe, herufi kwa herufi. Kama kusoma kunakupa shida, mpe mwenzako wa kitanda cha pili akusomee kwa sauti. Hakuna nesi atakayekukasirikia, na akikasirika mwambie nimekutuma mimi. Kusahihisha siku ile ni dakika mbili na kalamu.

Wenye wazee wa Kibende na Kitongwe nyumbani, kaeni nao Jumapili hii muwaulize habari za Katabi wakati bado wanazo, na muwaulize jina la kijiji chenu lilianza na nani. Rekodini kwa simu. Mkija kliniki Jumatano nipeni nisikilize, nitakuwa pale tangu saa mbili, dirisha la chanjo.