Umepaka Nini?

Msumari ulitoboa ndara ya mjomba ukaingia chini ya kidole gumba, naye akatembea nao siku nzima. Alijua jioni, alipoona damu kwenye sakafu. Ana sukari miaka mingi, na nyayo zake zilishakufa ganzi.

Chaani nzima ikaja na swali moja: "Umepaka nini?" Asali ikaletwa, habasoda ya kusaga ikaletwa, na mzee wa jirani akaja na sukari ya chai. Nikacheka. Sukari kwa mtu wa sukari?

Kumbe mzee hakupotea sana. Wamisri waliandika kuhusu asali na mafuta kwenye vidonda karibu mwaka 1600 KK. Sukari huvuta maji, na bakteria bila maji hazizaani. Moses Murandu, nesi aliyekulia Zimbabwe akitibiwa vidonda kwa sukari na babake, aliipeleka hoja hiyo Uingereza akaifanyia utafiti. Sukari safi lakini, na chini ya macho ya nesi, si ile ya kopo lenye siafu.

Ila historia iliyonishika haina dawa ndani yake. Baada ya 1946, daktari Paul Brand alifanya kazi Vellore, India, na wagonjwa wa ukoma. Watu waliamini nyama yao inaoza yenyewe. Brand akaona tofauti: mguu usiouma hukanyagiwa palepale penye kidonda, kila siku, hadi kinakuwa donda ndugu. Akaifunga miguu plasta, uzito ukatoka kwenye kidonda, vikapona. Baadaye ujuzi huo ukahamia kwa wenye kisukari. Dar es Salaam, Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Muhimbili na wenzake wameandika hata juu ya wagonjwa walioumwa na panya usiku bila kuhisi.

Kwa hivyo mimi, niliyeacha chuo mwaka wa pili, nikamwambia mjomba asikanyage. Akaniangalia tu. Yeye ni kibarua wa kupakua malori, analipwa kwa siku.

"Nisikanyage, mwanangu, halafu watoto wale nini?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea kupaka asali asubuhi na kwenda kazini.

Kidole kilikatwa. Siku hizi, kabla hajalala, namshikia kioo chini ya nyayo na kumulika kwa tochi ya simu.