Flashi ilipoacha kujifungua yenyewe

Bandugu, wale tulioandikisha TFC ku nyumba za kupiga mashini, karibu na Avenue Lumumba ao kule Kadutu, munakumbuka: flashi moja inapita mu mashini kumi kwa juma moja, na kila mashini inaiachia kitu ndani. Leo tuone mlango mmoja mdogo virusi ilikuwa inapitia, na namna ulifungwa bila kusumbua watu sana.

Mlango ule uliitwa AutoRun. Microsoft iliuweka mu Windows 95 kwa nia nzuri: unaingiza CD, programu inaanza yenyewe, hata asiyejua kompyuta anafika. Kiisha flashi zikakuja. CD ya kununua haiandikwi tena, lakini flashi inaandikwa na kila mashini inayoigusa. Faili dogo, autorun.inf, lilitosha kuiambia Windows ianzishe nini. Mwisho wa 2008 ikatokea Conficker. Ilipita mu rezo, na mu flashi pia: mu lile dirisha la kuuliza unataka kufanya nini, ilijiandikia mstari wake, na picha ya dosie, eti ni kufungua dosie uone mafaili. Mtu anabonyeza kile anachobonyeza siku zote. Basi, imeingia.

Sisi wa agronomia tunaijua hii: ni panga ya ku migomba. Mnyauko wa bakteria unatoka ku mgomba mgonjwa, unaenda ku mzima kupitia panga ileile. Mwanzoni mkulima aliambiwa ang'oe shina lote na watoto wake. Nani atakubali kwa urahisi? Kukata mguu mgonjwa peke yake na kusafisha panga, hiyo walau inaingia mu kazi yake.

Microsoft nayo ilikuwa imekwisha kuonja somo hilo. Vista, mwanzo wa 2007, ilileta dirisha la kuomba ruhusa kila mara. Watu wakazoea kubonyeza "ndiyo" bila kusoma, ao wakalizima kabisa. Kwangu mimi, ulinzi wa namna ile unafundisha upofu. Windows 7, Oktoba 2009, ikapunguza maswali. Kwa flashi ikaondoa tu ule mstari wa kuanzisha programu. Kufungua, kukopi, kubandika, vyote vikabaki vile tulivyozoea, na CD ikaachiwa desturi yake. Februari 2011 badiliko lile likatumwa ku XP na Vista kupitia Windows Update. Miezi michache baadaye Microsoft ikatangaza kwamba maambukizo ya virusi za aina ile ku mashini hizo yameshuka zaidi ya nusu.

Lakini dawa ilipita mu intaneti. Mashini isiyounganishwa, yenye XP ya kukopi kwa rafiki, ilibaki na mlango wazi. Na virusi haikulala: ikahamia ku desturi iliyobaki. Ikaficha dosie zako, ikaweka rakursi zenye jina lilelile. Unabonyeza mara mbili, dosie inafunguka kweli, na virusi inaanza pamoja nayo. Hata ukiiomba Windows ionyeshe mwisho wa majina ya mafaili, ule ".lnk" wa rakursi hauonekani. Alama ni kile kimshale kidogo ku pembe ya picha, na nani anatazama pembe wakati TFC inangojewa kesho asubuhi?